Anaharisha au amefunga choo? Kisa cha mtoto wa darasa la kwanza anayejichafua

Mtoto huyu aliletwa kliniki ya watoto akiwa na karatasi ya rufaa iliyoandikwa "kuharisha kwa muda mrefu". Ana miaka sita na nusu, anasoma darasa la kwanza Tanga mjini. Kwa karibu miezi saba chupi zake zilikuwa zikichafuka kwa kinyesi cha majimaji, mara tatu hadi nne kwa siku. Alikuwa ameshapewa dawa ya minyoo mara mbili, metronidazo kwa ajili ya amiba, ORS, na vidonge vya zinki. Hakuna kilichosaidia. Shuleni alikuwa amerudishwa nyumbani zaidi ya mara moja kwa sababu ya harufu, wenzake wamempa jina ambalo sitaliandika hapa, na nyumbani alikuwa ameshaonja fimbo.

Hakuwa akiharisha. Alikuwa amefunga choo, tena vibaya, na yale majimaji ndiyo yaliyowaficha watu wazima wote ukweli huo. Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu watoto wa namna hii ni wengi kuliko tunavyodhani. Wanafichwa kwa aibu, na wanapofikishwa kwa mhudumu wa afya mara nyingi wanatibiwa ugonjwa ulio kinyume kabisa na walio nao. Mambo yanayoweza kumtambulisha mtoto nimeyabadilisha, na baadhi ya maelezo yametoka kwa watoto wengine wenye tatizo hilohilo.

Swali lililokuwa likijibiwa vibaya

Kila alikopita mama aliulizwa, "Mtoto anapata choo?" Naye akajibu kwa ukweli wake wote, "Anapata, tena mara nne kwa siku." Jibu la namna hiyo humfanya anayeandika asiendelee kuuliza, na kwenye daftari la kliniki linaingia neno kuharisha.

Sisi tulimuuliza hivi: "Mama, mara ya mwisho mtoto kwenda msalani mwenyewe, akachuchumaa, akatoa choo cha kutosha, ilikuwa lini?"

Alifikiri sana. Akahesabu kwa vidole, akarudi nyuma, akahesabu tena. "Ilikuwa ile Ijumaa tuliyokwenda kwa shangazi yake. Si wiki iliyopita. Ile nyingine."

"Na kilikuwaje?"

"Kikubwa, daktari. Hata mimi mtu mzima sijawahi kutoa kitu kama kile. Tulimwaga ndoo tatu za maji na bado kikagoma kuondoka. Mtoto alilia mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini."

Hapo picha ilianza kubadilika. Mtoto anayepata choo halisi mara moja kwa wiki mbili, kikubwa kiasi cha kuziba choo, kwa maumivu ya kulia, haharishi. Tukamuuliza kama kuna wakati mtoto husimama kwa namna isiyo ya kawaida. Mama akainuka kitini kutuonyesha. Hujificha nyuma ya mlango wa chumba, akasema, hushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, husimama kwa ncha za vidole vya miguu, hupishanisha mapaja na kuyabana, uso unamtoka jasho, hatingishiki. Baada ya dakika chache hulegea na kurudi kucheza. "Anajikamua choo kitoke, maskini, lakini hakitoki."

Karibu kila mzazi hutafsiri tendo hili hivyohivyo, na karibu kila mzazi hukosea. Mtoto anayesukuma choo huchuchumaa au huinama. Anayesimama wima kwa vidole, mapaja yamebanwa, anakaza makalio kwa nguvu zake zote ili choo kisitoke. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipande chenye thamani kubwa kuliko vyote katika mazungumzo ya siku ile, na hakuna kipimo cha maabara ambacho kingetupa habari hiyo.

Ilivyoanza

Alizaliwa kwa kutimiza miezi, akatoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo siku hiyohiyo. Alinyonya vizuri, akakua vizuri, na kadi yake ya kliniki ilikuwa na mstari unaopanda bila kuyumba. Alipokuwa na miaka mitatu aliugua homa, akawa hali wala hanywi kwa siku kadhaa, na choo kilichofuata kilikuwa kigumu chenye damu juu yake. Mama anakumbuka ile damu. Tangu hapo mtoto akawa mtu wa kuchelewa msalani: siku tatu, siku nne, choo cha mbuzi, kisha anakaa sawa kwa muda. Hakuna aliyeona ni ugonjwa. Bibi yake alisema hata baba yake alikuwa hivyo utotoni.

Januari akaanza darasa la kwanza. Anaondoka nyumbani alfajiri, na nyumba wanayoishi ni ya kupanga, yenye choo kimoja cha wapangaji wote, kwa hiyo asubuhi kuna foleni na mtu anagonga mlango. Shuleni vyoo vya wavulana ni vya shimo, viwili kati yake havina komeo, na wanaotumia ni wengi mno. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja kwa wavulana 25 na moja kwa wasichana 20, na anayejua shule zetu za mjini anajua umbali uliopo kati ya mwongozo huo na hali halisi. Mtoto alitueleza mwenyewe, kwa sauti ndogo, akiangalia viatu vyake: kuna giza, wakubwa wanachungulia, na anaogopa kutumbukia. Tangu aanze shule hajawahi kwenda haja kubwa pale. Hata mara moja.

Kwa hiyo alikuwa na sababu ya zamani ya kuogopa choo, yaani maumivu, kisha akapata sababu mpya ya kukizuia kwa saa nane mfululizo kila siku. Mwezi wa pili madoa yakaanza kwenye chupi. Baadaye mama akazikuta chupi tatu zimeviringishwa na kufichwa chini ya godoro, zimekauka.

Kuna jambo jingine ambalo mama hakulihusisha: alikuwa ameanza tena kukojoa kitandani, baada ya kuwa mkavu kwa zaidi ya mwaka. Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ikijaa hukandamiza kibofu. Kibofu kinakosa nafasi, mtoto anakojoa mara kwa mara au usiku, na wengine hupata maambukizi ya njia ya mkojo. Mkojo wake tulipima, ulikuwa safi.

Tulichokipata kwenye mwili wake

Aliingia akatusalimia "Shikamooni", akapanda kitandani bila shida. Uzito kilo 19. Macho hayakuwa na upungufu wa damu. Tumbo lilikuwa laini, limejaa kidogo, na chini upande wa kushoto, likiendelea mpaka katikati juu ya mfupa wa kinena, kulikuwa na donge gumu ambalo lilibonyea kidogo ukilikandamiza kwa kidole. Tuliuweka mkono wa mama juu yake. Alishtuka. Alidhani ni uvimbe.

Tuliangalia kwa macho sehemu ya haja kubwa, mama akiwa ameshika mkono wa mtoto. Mlango ulikuwa mahali pake, ngozi ina kovu dogo la mpasuko wa zamani, na pembeni kuna kinyesi cha majimaji kilichokuwa kikivuja wakati huohuo bila yeye kujua. Mgongo wa chini haukuwa na kishimo wala kishungi cha nywele cha ajabu. Alitembea na kuruka vizuri, na goti na kifundo viliitikia tulipogonga kwa nyundo.

Hatukuingiza kidole. Kuna wakati uchunguzi huo ni wa lazima, kwa mfano dalili zinapokuwa chache au kunapokuwa na shaka. Hapa dalili zilijaa. Vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari wa watoto wanavitumia duniani kote, vinataka angalau mambo mawili kwa muda wa mwezi mmoja kati ya haya: choo mara mbili au pungufu kwa wiki, kujichafua angalau mara moja kwa wiki kwa mtoto aliyekwisha kujua msala, kuzuia choo, choo kigumu au cha maumivu, donge kubwa kwenye puru, na choo kikubwa kinachoweza kuziba choo. Mtoto huyu alikuwa na karibu vyote. Kumuumiza mahali palepale anapopaogopa, ili kuthibitisha kitu tunachokijua tayari, kungetugharimu imani yake.

Picha ya eksirei hatukuagiza pia. Mama aliitaka, na naelewa kwa nini: amesafiri, amelipa nauli, na anataka kuona tatizo kwa macho. Lakini miongozo haiitaki eksirei kwa mtoto ambaye historia na mikono imeshasema. Fedha ile ilifaa zaidi kununulia dawa.

Kinachotokea ndani

Puru kwa kawaida hukaa tupu. Kinyesi kinaposhuka, kuta zake hutanuka, mishipa ya fahamu hupeleka habari juu, na mtu huhisi haja. Msuli wa ndani wa mlango wa haja kubwa hulegea wenyewe, bila kuomba ruhusa. Msuli wa nje ndio ulio chini ya amri yetu, na ndio mtoto anaoukaza akijificha nyuma ya mlango wa chumba. Akivumilia dakika chache haja hupita, kinyesi kinabaki palepale, utumbo unaendelea kufyonza maji yake, na siku inayofuata kimekuwa kigumu na kikubwa kuliko jana. Kikija kutoka kinauma zaidi, na mtoto anajifunza kuzuia zaidi.

Mwendo huo ukiendelea kwa miezi, puru inatanuka na kupoteza mvuto, kama mpira wa kaptula uliovutwa mpaka ukalegea. Haipeleki tena habari kwamba imejaa, kwa sababu imejaa siku zote. Kinyesi kipya kilicho laini kinateremka kutoka juu, kinakuta njia imezibwa na donge, kinapenya pembeni na kuvuja. Mtoto hahisi kinapopita. Anajua tu baada ya chupi kulowa, na wakati mwingine hata hapo hajui, kwa sababu pua yake imeshaizoea ile harufu aliyo nayo kutwa nzima. Ndiyo maana anakaa katikati ya wenzake akicheza, amechafuka, na akiulizwa anasema "sijajisaidia". Hasemi uongo.

Kwa mtoto aliyevuka miaka minne anayejichafua, hiki ndicho chanzo katika visa vilivyo vingi sana. Wavulana wanapatwa zaidi ya wasichana. Na katika watoto waliofunga choo kwa ujumla, zaidi ya tisa kati ya kumi hawana ugonjwa wowote wa utumbo uliojificha nyuma yake.

Wale wachache waliobaki ndio tuliokuwa tukiwatafuta tulipouliza kuhusu kinyesi cha kwanza na kuangalia mgongo. Ugonjwa wa Hirschsprung, ambao daktari Harald Hirschsprung wa Denmark aliueleza mwaka 1886, hutokea pale sehemu ya utumbo inapokosa mishipa ya fahamu. Humpata takriban mtoto mmoja katika 5,000 wanaozaliwa, na dalili yake kubwa ni kuchelewa kutoa kinyesi cheusi zaidi ya saa 48 tangu kuzaliwa. Mtoto aliyefunga choo tangu mwezi wake wa kwanza, asiyeongezeka uzito, anayetapika nyongo ya kijani, mwenye tumbo lililovimba sana, au ambaye miguu yake ni dhaifu, huyo asipewe dawa ya kulainisha choo na kurudishwa nyumbani. Apelekwe hospitali kubwa. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri nayo huweza kuleta tatizo hili, na mtoto wa aina hiyo kwa kawaida huwa pia haongezeki urefu.

Kusafisha kwanza

Kosa la kawaida ni kuanza na papai. Sina ugomvi na papai. Lakini donge lililokaa miezi saba halitolewi na papai, na ukimrundikia mtoto mboga na matunda juu ya njia iliyozibwa unaongeza mzigo. Hatua ya kwanza ni kulitoa donge lote. Lisipotoka, kila kinachofuata ni kazi bure.

Tulitumia unga wa polietilini glaikoli, unaojulikana pia kama makrogoli, ambao unayeyushwa kwenye maji au juisi. Hausisimui utumbo. Unashikilia maji ndani ya kinyesi, na karibu wote unatoka jinsi ulivyoingia. Kipimo cha kusafisha kilichokubalika katika miongozo ya mwaka 2014 ya madaktari wa matumbo ya watoto wa Ulaya na Amerika Kaskazini ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku tatu hadi sita. Kwa kilo 19, hiyo ni gramu 19 hadi 28 hivi kwa siku. Hesabu hiyo ifanywe na daktari aliyempima mtoto, kwa sababu pakiti za dawa hii zinatofautiana na za watu wazima si sawa na za watoto. Mahali ambapo unga huu haupatikani au bei haishikiki, laktulosi ya maji hutumika, na kuna watoto wanaohitaji kuongezewa dawa ya kusukuma kama bisakodili. Dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa inafanya kazi pia, ila kwa mtoto mwenye woga wa sehemu hiyo tunaiweka mwisho.

Tulimwambia mama jambo ambalo lisiposemwa mapema humfanya mzazi aitupe dawa siku ya pili: kwa siku chache atajichafua zaidi. Tuliichagua Ijumaa jioni ya kuanzia, tukamwandikia barua mtoto asiende shule mpaka katikati ya wiki, tukamshauri atandike mpira kitandani. Dawa aliichanganya kwenye juisi ya machungwa ya Muheza, ambayo mtoto anaipenda, na aligawanya kiasi cha siku nzima katika vikombe vidogo.

Jumamosi yalikuwa maji matupu. Jumapili mama alipiga simu, amekata tamaa, bibi anasema mtoto ataishiwa maji mwilini. Tuliuliza anakunywa, anacheza, anakojoa? Vyote ndiyo. Basi endelea. Jumatatu usiku vikaanza kutoka vipande, na Jumanne vikatoka vingi mno, vyeusi na vya zamani. Jumatano yakafuata maji ya kahawia yasiyo na kipande, na hiyo ndiyo alama tuliyokuwa tukiisubiri. Alhamisi mtoto alipopimwa tumbo, donge halikuwepo. Kitandani hakukojoa tena tangu wiki ile.

Bibi alikuwa na ushauri wake wa sabuni: kipande kinachongwa na kuingizwa. Wengi wetu tumelelewa hivyo, na sikumkatalia kwa dharau. Nilimweleza kwamba sabuni inaunguza ngozi laini ya ndani, na kwamba mtoto huyu anazuia choo kwa sababu palepale pamewahi kumuuma. Mafuta ya nyonyo nayo yanakata tumbo kwa maumivu. Alinisikiliza, akasema, "Basi mjukuu wangu asiumizwe."

Mazoezi ya msalani na dawa ya kila siku

Baada ya kusafisha, puru inabaki imelegea, na inahitaji miezi ya kukaa tupu ili irudi hali yake. Kipimo cha kila siku kinashuka mpaka gramu 0.2 hadi 0.8 kwa kilo. Tulianza na 0.4, tukalenga choo laini kila siku. Kwenye chati ya Bristol, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Bristol na kuchapishwa mwaka 1997, choo kimepangwa katika aina saba, ya kwanza ikiwa vipande vigumu vilivyotengana na ya saba maji. Tulimchorea mama aina zote kwenye daftari lake na kumwambia tunataka ya nne. Kila siku aliandika namba, na pembeni akaweka doa la kalamu kama chupi imechafuka.

Utumbo huamka mtu akila. Dakika ishirini au thelathini baada ya mlo ndio wakati mzuri wa kumweka mtoto msalani, kwa dakika tano hadi kumi, ahisi haja au asihisi. Asubuhi ilishindikana kwa sababu ya foleni ya wapangaji, kwa hiyo tukachagua baada ya chakula cha usiku, choo kikiwa wazi, na mchana Jumamosi na Jumapili. Kuchuchumaa ni mkao mzuri kuliko wowote kwa kazi hii. Anayetumia choo cha kukaa anahitaji kigoda cha kuwekea miguu ili magoti yainuke. Tatizo la mtoto huyu lilikuwa tundu na giza. Baba yake alitengeneza ubao wenye tundu dogo wa kuweka juu, mama akasimama nje ya mlango na taa, wakaimba. Zawadi ilitolewa kwa kukaa, haikutegemea kutoa choo, maana kukaa kuko ndani ya uwezo wa mtoto.

Kuhusu chakula, wazazi walitegemea orodha ndefu. Alikuwa akinywa chai ya maziwa na maandazi asubuhi, ugali wa sembe mchana, wali usiku, mboga kidogo. Tuliomba maharage na mchicha virudi mezani, dona badala ya sembe inapowezekana, tunda moja kwa siku, na maji ya kawaida ya kiu yake. Miongozo haioni faida ya kumzidishia mtoto nyuzinyuzi au maji kupita mahitaji ya kawaida, na sikutaka mama aishi na hatia ya chakula juu ya hatia nyingine zote. Hamu ya kula ilirudi yenyewe. Tumbo lililojaa kinyesi halina nafasi ya ugali.

Baba na mwalimu

Baba alikuja mara ya pili, mkimya, amekaa mbali na mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa akichapa. Nilimchorea puru kwenye karatasi, nikaonyesha donge, nikaonyesha majimaji yanavyopita pembeni, nikamweleza kuhusu mishipa ya fahamu. Akauliza swali moja: "Kwa hiyo wakati namuuliza, hajui?" Nikamjibu hajui. Akaiomba ile karatasi aende nayo nyumbani.

Fimbo ina madhara ya moja kwa moja kwenye ugonjwa huu. Mtoto mwenye hofu hukaza misuli yote, ukiwemo ule wa nje. Hujificha ili asionekane akienda msalani, huficha chupi, na huacha kumwambia mtu yeyote tumbo linapomuuma. Kinachotakiwa chupi ikichafuka ni maji, chupi safi, na maneno machache. Mtoto wa umri huu anaweza kusaidia kuiloweka bila kuifanya kuwa adhabu.

Kwa mwalimu wa darasa tuliandika barua fupi: mtoto ana ugonjwa wa utumbo unaotibika, hauambukizi, aruhusiwe kutoka bila kunyoosha mkono, atumie choo cha walimu, na akiba ya kaptula ikae kwenye mkoba wake. Mwalimu alikubali. Alimwambia mama kwamba katika darasa lile kuna mwingine wa hivyo, msichana, ambaye wazazi wake bado hawajamleta popote.

Alipochafuka tena

Wiki ya nane mtoto alikuwa msafi kwa muda wa kutosha kiasi kwamba mama aliacha dawa. Pakiti zilikuwa zimeisha, fedha ilikuwa ya ada ya dada yake, na mtoto alionekana amepona. Shangazi alikuwa amemwonya pia kwamba dawa za choo zinauzoesha utumbo uvivu. Wiki tatu baadaye daftari likaonyesha siku tano bila choo, kisha doa, kisha madoa matatu kwa siku.

Hali hii ni ya kawaida sana, na mzazi asilaumiwe kwayo. Dawa ya kulainisha choo hutolewa kwa miezi miwili kwa uchache, dalili ziwe zimeondoka kabisa kwa mwezi mzima kabla ya kuanza kupunguza, na kupunguza kufanyike polepole. Kwa mtoto aliyekaa muda mrefu na tatizo, kama huyu, miezi sita au zaidi si ajabu. Katika watoto waliofuatiliwa kwa miezi sita hadi kumi na miwili, karibu nusu ndio waliokuwa wamepona na kuacha dawa, na wengine walihitaji muda zaidi. Makrogoli haiufanyi utumbo uwe mvivu. Kinachoudhoofisha ni donge.

Tulimsafisha tena, safari hii kwa siku tatu tu, tukamrudisha kwenye kipimo cha kila siku. Hesabu ya gharama tuliifanya pamoja na wazazi wote wawili, tukabadilisha kwenda laktulosi ambayo duka la dawa la mtaani kwao linaiuza kwa bei wanayoimudu. Inajaza gesi zaidi na mtoto alilalamika wiki ya kwanza, lakini inafika mwisho wa mwezi.

Mwishoni mwa Desemba alikuwa na wiki tano bila doa. Tungeweza kuanza kupunguza, lakini Januari anaingia darasa la pili, mwalimu mpya, darasa jipya, na mwaka uliopita mwezi huohuo ndio uliomwangusha. Tukaacha kipimo kilivyo. Barua mpya ikaandikwa kwa mwalimu mpya. Katikati ya Februari ndipo tulipopunguza robo ya kwanza, na tumekubaliana kupunguza robo nyingine kila baada ya wiki nne ikiwa namba kwenye daftari zinabaki tatu, nne au tano. Kanuni ya nyumbani mama ameiandika kwenye jalada: siku mbili zikipita bila choo, au doa moja likionekana, arudi kwenye kipimo cha awali siku hiyohiyo, kisha atupigie. Mwezi Machi alirudi mara moja, mtoto alipougua homa na kukataa kula, na baada ya wiki moja wakaendelea kupunguza pale walipoishia.

Yule msichana aliyetajwa na mwalimu wa darasa la kwanza aliletwa na mama yake mwezi huohuo. Rufaa yake ilisema minyoo.